Panya, Hanga na Daraja la Kwanza

Anayeandika habari za Virginia Military Institute, chuo cha kijeshi kilichofunguliwa mwaka 1839 mjini Lexington, nchini Marekani, hana uhuru wa kuchagua maneno apendavyo. Eneo la chuo haliitwi kampasi bali 'Post'. Jengo wanamolala wanafunzi si bweni, ni 'Barracks'. Mkuu wa chuo ni 'Superintendent', na mwanafunzi mgeni ni 'rat', yaani panya. Tuliyatumia maandishi ya chuo hicho katika zoezi la kufasiri, nalo zoezi likatuadhibu sisi walimu kuliko wanafunzi.

Hapana budi tuanze kwa kusifu. Kitu kimoja, neno moja: nidhamu hiyo twaikosa katika vitabu vyetu wenyewe, ambamo mtu huwa 'afisa' juu ya ukurasa na 'ofisa' chini yake.

Taabu ilianza kwenye madaraja, maana chuoni humo hesabu huenda kinyumenyume. Aingiaye yu daraja la nne. Akaribiaye kuhitimu yu daraja la kwanza. Vyumba navyo vyafuata hesabu hiyo: panya hukaa ghorofa ya juu kabisa, na mkubwa wao hulala chini, asipande ngazi. Wanafunzi wetu waliandika 'mwanafunzi wa darasa la kwanza', na kijana aliye karibu kuhitimu akageuka mtoto anayesoma a-e-i-o-u. Mwingine, akiifuata kamusi kwa uaminifu, alimwita mkuu wa chuo 'mrakibu', akampeleka jenerali katika polisi.

Kuhusu 'Barracks' tulibishana sana. Kambi ni eneo zima, nasi tulikwisha kulitumia neno hilo kwa 'Post'. Bweni ndilo hasa linalokataliwa. Ndipo mwenzetu mmoja alipotaja 'hanga', neno la vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania kwa jengo wanamolala. Asili yake ni Kiingereza, lakini limekwisha kuota mizizi. Wengine walipinga. Hapa Uganda, walisema, Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya Idi Amin, na wazee wengi bado hukisikia kama sauti ya askari mlangoni. Je, tuwarudishie watoto wao maneno ya kambini? Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini habari yenyewe ni ya kambini. Kumpa askari msamiati wa shule ya bweni ni kumficha, wala si kumsahihisha.

Tulijifunza hilo kwa neno 'panya'. Wanafunzi wengi walipendelea 'kuruta', neno tulilolizoea, lisilomtukana mtu. Tulilikataa. Kuruta ni mtu anayefunzwa. Panya ni mtu anayeambiwa kwamba bado hajawa mtu. Chuo kilikusudia tofauti hiyo, na mfasiri hana ruhusa ya kuifuta.

Hata hivyo sisi wenyewe tuliifuta nyingine. Panya wa mwaka mmoja huitana 'Brother Rat'. Tuliandika 'ndugu panya', tukafurahi. Sasa, mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba chuo hicho hakiwezi kuendelea kuwafungia wanawake mlango, na mwaka 1997 wasichana wa kwanza waliingia. Nao pia wakaitwa 'Brother Rat'. Jina halikubadilishwa, wao ndio waliotakiwa kuingia ndani yake. Katika Kiswahili chetu hakuna kinachoonekana, kwa kuwa ndugu ni wa kiume na wa kike pia. Msichana wetu akapokelewa kwa ukarimu ambao Lexington haikumpa. Fasiri ikawa na adabu kuliko asili yake, na hilo ni kosa letu, si la wanafunzi.

Tumelirekebisha zoezi. Sasa limeandikwa 'kaka panya', hata pale anayeitwa ni msichana. Wasomaji wa kwanza walidhani ni kosa la chapa.