Rosa, Kazimoto na Maneno Mawili Tunayoyachanganya

Wengi wanaosoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi humaliza na hukumu moja: Kazimoto alijiua kwa sababu aliona maisha hayana maana. Hukumu hiyo imerudiwa madarasani na kwenye vijiwe vya wasomaji mpaka imekuwa kama dibaji ya riwaya yenyewe. Udhanaishi, wanasema. Camus, Sartre, basi, mjadala umefungwa.

Mimi nadhani tumeufunga mapema mno. Ukisoma Kichwamaji (1974) sambamba na Rosa Mistika (1971), utaona Kezilahabi anachora jambo ambalo hata wanasaikolojia wa miaka ile walikuwa bado wanalitafutia lugha: mtu anaweza kuzama kwenye sonona kwa kupitia milango miwili tofauti, na ufunguo wa mlango mmoja haufungui mwingine.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo tunapochanganya mambo. Kiswahili chetu cha kila siku kinatupia kila kitu kwenye kapu la "kujiamini". Lakini ndani ya kapu hilo kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kujithamini: ukijiuliza "mimi ni mtu wa thamani gani?", jibu unalojipa ndilo hilo. Morris Rosenberg alikitengenezea kipimo mwaka 1965, sentensi kumi tu ambazo mtu anazikubali au kuzikataa, na kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Cha pili ni imani kwamba jambo fulani unaliweza. Swali lake si "mimi ni nani?" bali "hili nitaliweza?" Albert Bandura ndiye aliyeliweka swali hilo mezani kwa nguvu mwaka 1977, miaka mitatu baada ya Kichwamaji kutoka.

Vitu hivi viwili vinaweza kuachana kabisa ndani ya mtu mmoja. Hapa kwetu Ndama utamkuta mzee wa shamba ambaye hakuna asichokijua kuhusu migomba na kahawa, anajua mbuni upi ukatwe na upi uachwe, lakini akiingia ofisini Kayanga anakaa pembeni ya kiti kama aliyekuja kuomba msamaha. Uwezo anao, na anajua anao. Thamani yake ndiyo ameiacha mlangoni. Halafu utamkuta kijana mwenye shahada, anayejiona mtu wa maana, na pengine ni kweli ni wa maana, lakini mwaka wa tatu huu hajathubutu kuanza chochote. Wote wawili mtaani tunasema "hajiamini". Tumesema neno moja kuhusu magonjwa mawili.

Rosa ni wa kundi la kwanza. Angalia anachoweza: anasoma, anafaulu, anatoka Ukerewe anakwenda shule Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro, anatoka mwalimu. Kwa msichana wa kijijini wa enzi zile hizo ni hatua za mtu anayeweza. Kinachokosekana ni kauli ya ndani kwamba yeye ni mtu kamili hata asipokubaliwa na yeyote. Zakaria, baba yake, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na kipigo hicho kinamfundisha kwamba thamani yake iko mikononi mwa wengine. Kwanza iko kwa baba, anayemtaka safi. Baadaye iko kwa wanaume, wanaomtaka kwa muda. Mwishoni iko kwa Charles, ambaye anarudi kutaka kumwoa, kisha anamwacha akishajua maisha yake ya nyuma. Rosa alikuwa ameshaanza kujirekebisha, tena kwa bidii. Uwezo wa kubadilika ulikuwepo. Lakini bei yake ilipangwa na mtu mwingine, na siku mtu huyo aliposema hainunuliki, yeye mwenyewe hakuwa na bei ya kwake ya kumjibu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Rosa Mistika ni hadithi ya msichana aliyeharibika. Inashangaza kidogo kwamba riwaya hii ilipigwa marufuku shuleni mwanzoni kwa hofu ya maadili, wakati jambo zito lililomo ni jinsi maadili ya nyumbani yanavyoweza kumnyang'anya mtoto heshima yake kabla dunia haijamgusa. Utafiti wa baadaye unampa Kezilahabi haki. Mwaka 2013 Julia Sowislo na Ulrich Orth walikusanya pamoja tafiti 77 zilizofuatilia watu kwa muda, na wakaona kwamba kujithamini kwa kiwango cha chini kunatangulia sonona zaidi kuliko sonona inavyotangulia kujithamini huko. Yaani kidonda cha thamani mara nyingi kinakuja kwanza. Zakaria alikuwa ameshafika kabla ya Charles.

Sasa Kazimoto. Huyu usimwonee huruma ya aina ile ile, utampotosha. Kazimoto hana shida ya kujiona si kitu. Ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu katika nchi ambayo wakati huo wasomi wa kiwango chake walikuwa wachache mno. Anajua ana akili. Anawatazama wanakijiji kwa jicho la mtu aliyekwisha kuondoka, na anamtazama Manase, mwenzake wa zamani ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya, kwa jicho la mtu asiyeona alichozidiwa. Ukimpa sentensi kumi za Rosenberg, nadhani atapata alama nzuri tu.

Lakini hebu mfuate uone anachofanya. Anakwenda ofisini kwa Manase kuomba kazi ya likizo, anarudi mikono mitupu. Manase amempa mimba Rukia, dada yake. Rukia anakufa, mama naye anakufa. Kazimoto anaapa kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada wa Manase, na kisasi kinaishia kwenye ndoa: anampenda na kumwoa mtu aliyekusudia kumuumiza. Sisemi kwamba ingekuwa heri amuumize. Ninachosema ni kwamba katika riwaya nzima ni vigumu kumkuta Kazimoto akipanga jambo, akalifanya, likaisha kama alivyolipanga. Ama mambo yanamtokea, ama anaanza safari na kushukia kituo kingine. Na jina lake ni Kazimoto! Kazi iwake moto. Kezilahabi hakuwa mtu wa kuchagua majina kwa kubahatisha.

Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani ya kuweza: mambo ambayo umeyafanya mwenyewe yakafanikiwa, kuona watu wanaofanana nawe wakifanikiwa, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili na hisia zako wakati unajaribu. Chukua orodha hiyo, rudi nayo kwenye Kichwamaji. Cha kwanza hana. Cha pili, mtu anayefanana naye aliyefanikiwa ni Manase, na mafanikio ya Manase ndiyo yaliyoua familia yake. Cha tatu, hakuna mzee wala rafiki ambaye maneno yake yanamfikia, kwa sababu elimu imemtenga na lugha yao. Cha nne, mwili na moyo vimechoka kwa misiba. Vyanzo vyote vinne vimekauka. Hapo ndipo falsafa inapoingia.

Hilo ndilo ninalotaka tulipime upya. Tumezoea kusoma kwamba Kazimoto aliamini maisha hayana maana, kwa hiyo akashindwa kuishi. Mimi naona mpangilio ni kinyume: alishindwa kwanza, tena na tena, na mawazo ya utupu yakaja baadaye kama maelezo ya heshima. Kwa msomi, kusema "dunia haina maana" ni rahisi kuliko kusema "nimejaribu na sikuweza". Kauli ya kwanza inamwacha na akili yake ikiwa safi. Ya pili inamvua nguo. Kazimoto analinda thamani yake kwa kuishusha dunia nzima, na gharama ya ulinzi huo ni kwamba hakuna tena kitu duniani kinachostahili kujaribiwa. Hapo mtego umefungwa.

Najua wapo watakaonijibu: unamgeuza mhusika kuwa mgonjwa wa kliniki, unaua falsafa ya mwandishi. Ni pingamizi la haki. Kezilahabi alisoma falsafa na aliiheshimu, na safari yake mpaka Nagona (1990) na Mzingile (1991) inaonyesha kwamba swali la maana halikuwa pambo kwake. Sisemi swali hilo ni la uongo. Nasema Kazimoto analiuliza akiwa amesimama mahali fulani, na mahali hapo panaamua ni jibu lipi ataliona. Mtu mwenye sonona anaweza kufikiri kwa mpangilio mzuri kabisa, hatua kwa hatua. Tatizo liko kwenye vile anavyoanza navyo, ambavyo ugonjwa umeshamchagulia.

Na riwaya yenyewe ina udhaifu wake hapa. Kezilahabi alimpa Kazimoto mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kama yule wa Manase, kwa ugonjwa ulioletwa na uhusiano wa nje. Kama taswira ni kali: kichwamaji la kizazi cha wasomi linazaliwa kweli kweli, likiwa na nyama na mifupa. Lakini kama simulizi ya nafsi, linampunguzia mwandishi kazi. Msiba huo ni mkubwa kiasi kwamba msomaji hahitaji tena kuuliza Kazimoto alikuwa anakufa tangu lini. Jibu ni kwamba alikuwa anakufa tangu kurasa za mwanzo, kidogo kidogo, bila sauti. Sabina naye, mtu pekee anayelala kitanda kimoja na mauti hayo, hakupewa nafasi ya kutosha ya kuona wala kuuliza. Riwaya iliyosimuliwa na Kazimoto inamsikia Kazimoto tu. Na hivyo ndivyo sonona inavyosimulia.

Kwa nini tujali hayo leo, huku kwetu? Kwa sababu jirani zetu wameshatuonyesha kwamba tofauti hii si ya vitabuni tu. Ukivuka mpaka wa Kagera kuingia Uganda, unafika Rakai na Masaka. Watafiti waliofanya kazi vijijini huko waliwauliza wenyeji wanaiitaje hali hii, na Waganda wakatoa majina mawili yenye mizizi ambayo sisi wa lugha za ukanda huu hatuhitaji mkalimani mkubwa kuyasikia: okwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Wanakijiji walikuwa wameshaona kwamba ugonjwa huu una uso zaidi ya mmoja. Kisha vikundi vikaundwa, vya wanaume peke yao na wanawake peke yao, vikiongozwa na watu wa pale pale waliopewa mafunzo, vikakutana kila wiki kwa wiki 16 kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, na kusaidiana kutafuta hatua ya kuchukua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya vikundi, asilimia 86 ya washiriki walikuwa na sonona kali. Baada yake, asilimia 6.5. Kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 54.7.

Ona kilichotolewa pale. Hapakuwa na mhubiri wa hamasa wa kuwaambia "wewe ni wa thamani, amka ung'ae". Palikuwa na watu waliosikilizwa, na wiki iliyofuata wakaulizwa wamefikia wapi. Kusikilizwa kunamgusa Rosa. Kuulizwa umefikia wapi kunamgusa Kazimoto.

Sisi tunafanya nini? Kijana amemaliza chuo, amerudi Ndama, kazi hakuna. Tunamwita "msomi", na neno hilo siku hizi lina sukari na pilipili kwa pamoja. Akikaa ndani tunasema anaringa. Akishika jembe tunasema kumbe shahada ilikuwa ya nini. Akinyamaza muda mrefu tunasema amesoma mpaka amechanganyikiwa. Na akifika kule alikofika Kazimoto, ila akanusurika, sheria inamngoja: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inaliita jaribio la kujiua kosa. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kuamini hakuna analoweza, tumemthibitishia kwamba hata hilo ameshindwa na tena atashtakiwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji wenzangu ni dogo. Zisome riwaya hizi mbili mfululizo, anza na Rosa. Ukifika kwa Kazimoto, chukua penseli, weka alama kila anaposema atafanya jambo, kisha uangalie kama alilifanya. Na kama katika kusoma utajikuta unaweka alama hizo kwenye maisha yako mwenyewe, usibaki na kitabu peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, au nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kazimoto alizungukwa na watu, na katika kurasa zake zote sikumbuki mahali alipomwambia hata mmoja wao neno "nisaidie".