"Kurithi Wajane": Neno Moja katika Habari Fupi za Migori na Homa Bay

Habari fupi ya gazeti ni utanzu uliopuuzwa na wahakiki wa Kiswahili. Taifa Leo, lililoanza kutoka kila siku mnamo 1960, sasa husomwa pia katika intaneti, ambako tukio la kaunti huweza kumalizwa kwa aya nne au tano. Ufupi wenyewe si kosa. Methali ni fupi zaidi. Kosa hutokea pale neno moja linapobebeshwa mzigo wa maelezo yaliyokatwa.

Mfano ulio wazi ni fungu "kurithi wajane", lililozoeleka katika habari za Homa Bay na Migori. Fungu hili halikutoka katika Kidholuo, bali limefasiriwa kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kilikuwa kimekwisha kukosea. Kwa Kidholuo mjane ni chi liel, yaani mke wa kaburi: ndoa yake haikukatwa na kifo. Mwanamume anayeingia nyumbani mwake ni jater, jina litokanalo na kitenzi tero, "kutwaa, kupeleka". Kimila, watoto watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Je, mrithi hapo ni nani, na amerithi nini?

Katika Kiswahili kurithi ni neno la mirathi. Msomaji wa Lamu au Unguja anayeijua aya ya 19 ya Surat An-Nisaa, inayokataza kuwarithi wanawake kwa nguvu, atakuwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kufika aya ya pili ya habari.

Haifai kudhani kwamba kudai usahihi wa neno ni kuitetea mila. Wako wajane waliolazimishwa, na sheria ya Kenya ya 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani imeutaja urithi wa mke kwa nguvu kuwa ukatili. Lakini neno hili huificha dhuluma hiyohiyo. Likishamfanya mjane kuwa kitu, halina haja ya kuuliza kama alikubali. Shemeji anayenyakua shamba na jater aliyeridhiwa na mjane wote huitwa warithi, na msomaji hapati njia ya kuwatenganisha. (Habari inapoongeza kwamba hiyo ni "mila ya Migori", Wakuria wa kaunti hiyo nao huingizwa katika desturi ya Wajaluo bila kuulizwa.)

Huenda wengine wakapendekeza "kumtunza mjane". Hilo ni kosa la upande wa pili, kwani linamsifu mwanamume kabla matendo yake hayajaelezwa. Yafaa tero libaki tero, na nafasi iliyookolewa itumiwe kueleza nani alitaka, nani alikataa, na shamba liko mikononi mwa nani. Wasomaji wa Kenya walikwisha kulipokea neno omena kutoka ziwa hilohilo, ingawa dagaa lilikuwapo.