Hadithi ya Shujaa Ianzie Wapi? Mfano wa Fumo Liyongo

Swali la ploti huwatatiza watahiniwa wengi kwa sababu wao hudhani kuwa kisa cha shujaa hakina budi kuanza anapozaliwa. Ndiyo maana mwanafunzi akiulizwa kuhusu mighani ya Fumo Liyongo hujaza ukurasa mzima kwa utoto ambao hakuusoma popote. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba mahali msimulizi anapoanzia, na yale anayoyanyamazia, ni sehemu ya maana ya kazi yenyewe.

Tuutazame utendi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913. Hapa Liyongo anatokea akiwa mwanamume kamili. Hatusimuliwi malezi yake wala alikojifunzia upinde na ushairi. Masimulizi mengine ya pwani huleta ugomvi wa urithi wa kiti baina yake na Mringwari. Kijumwa hakuanzia huko. Tukio kubwa la kwanza ni ujio wa Wagala, kama utendi unavyowaita, katika mji wa Pate. Sultani mwenyewe anawasifia Liyongo, nao wakishamwona wanaitaka mbegu yake. Anaozwa mke kwao, na mtoto wa kiume anazaliwa.

Je, kwa nini hapo? Mwanzo huo umebeba mwisho. Mtoto aliyepatikana kwa sababu ya sifa za baba ndiye atakayemchoma sindano ya shaba kitovuni. Aidha, aliyezitangaza sifa hizo ndiye anayekuja kuziogopa. Lau utendi ungeanza na ugomvi wa urithi, tungesoma kisa cha watu wawili wanaogombea kiti. Ulivyo sasa, tunasoma jinsi hofu ya mtawala inavyozaliwa na ubora wa raia wake.

Pengo la utoto nalo lina kazi. Siri ya kitovu hatuifahamu mpaka mwana anapomwuliza babake. Tungalianzia kuzaliwa kwake, huenda siri hiyo ingalifichuka mapema na taharuki ingalipotea. Zaidi ya hayo, uzito wa jibu la Liyongo ungalipungua. Anashuku kuwa mwanawe ametumwa, na bado anamwambia. Msomaji anaipokea siri wakati uleule anaoipokea msaliti.

Mamake Liyongo vilevile hana usuli uliosimuliwa. Tunamjua kwa vitendo: mkate uliofichwa tupa gerezani, na ujasiri wa kumkaribia mwanawe kisimani wakati mji mzima unamwogopa, hata akiwa maiti. Vitendo hivyo vinatosha.

Hata hivyo, isichukuliwe kuwa kuanzia utotoni ni kasoro. Katika Siku Njema (1996), Ken Walibora anamwacha Msanifu Kombo asimulie maisha yake tangu udogoni Tanga, chini ya malezi ya mamake, Zainabu Makame. Fundo la riwaya hiyo ni baba asiyejulikana, kwa hivyo utoto ndio chanzo cha safari. Kwa Liyongo, fundo ni baba anayejulikana mno na mwanawe.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi maswali matatu. Tukio la kwanza linatayarisha tukio gani la mwisho? Ni jambo gani la awali lililonyamaziwa, na linafichuliwa lini? Kisa kingeanzia kwingine, lawama ingemwangukia nani?

Mtahiniwa naye akumbuke tofauti hii: usuli uliofichuliwa kwa mbinu rejeshi umo katika matini na unaweza kutolewa kama hoja; usuli usiosimuliwa ni pengo, nalo huelezwa kama pengo. Anayeliziba kwa visa vya kubuni hupoteza alama. Hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba hataona kuwa msimulizi alinyamaza kwa makusudi.