Vitumba Vinavyosubiri Mvua

Kwenye vilima vya Gitega na Muyinga, hapa Burundi, mvua za vuli zikianza vizuri, siku 7 hadi 10 baadaye mibuni huamka asubuhi moja ikiwa myeupe pe, ikinukia kama asumini. Siku mbili tatu tu, ua limenyauka.

Wengi husema mvua imeleta maua. La. Vitumba vilikuwa vimeshafungika matawini, vimelala. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kilichoviandaa. Mvua ilikuja kuviamsha. Mwenye huruma anayemwagilia mibuni mikubwa kila jioni ya Julai hujiharibia mwenyewe: maua huchanua kwa mafungu, na buni huiva vivyo hivyo, leo kikapu, wiki ijayo nusu kikapu. (Mche mchanga unywe, huo hauna maua ya kungojea.)

Ujuzi huu wa kujua wakati wa kunyima ndio ninaowaheshimia wakulima wetu. Imani nyingi za bustani ni za kuzidisha. Mwaridi usipotoa ua, mtu huongeza urea. Majani hunona, maua hayaji, maana nitrojeni ikizidi mmea hukazania majani. Mwingine hupigilia mparachichi msumari ati ushtuke uzae. Lile jeraha huwafungulia kuvu mlango. Vitabu vya Ulaya navyo husisitiza urefu wa mchana, lakini sisi tuko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima. Hapa mimea husoma mvua.

Nikiwa mtoto nilimwona shangazi akipogolea mibuni baada ya mavuno, nikadhani ameikasirikia. Alikata matawi manene yaliyozaa sana, akaacha membamba.

"Shangazi, mbona unakata yenye nguvu?"

"Hayo yameshatoa yao, mwanangu. Kahawa haizai mara mbili kwenye kifundo kimoja."

Ndivyo ilivyo: mbuni huchanua kwenye sehemu iliyokua msimu uliotangulia. Asiyekata hubaki na mti mrefu wenye maua machache nchani. Kisha shangazi alitandaza majani makavu ya migomba shinani, udongo usikauke kupita kiasi wala kuchomwa na jua. Ndoo hakuigusa.

Wewe mwenye mibuni mikubwa uani, Julai ikifika weka ndoo chini, noa mkasi.