"Unyoofu" wa Fanksheni Zisizonyooka

Mfasiri wa vitabu vya hisabati ya juu hana budi siku hizi kukutana na tawi linalotafuta nafasi kubwa za vekta ndani ya jamii za fanksheni halisi ambazo wenyewe huziita zenye tabia mbaya. (Twasema jamii, kwa kuwa kundi lina maana yake nyingine katika aljebra.) Mfano mkuu ni fanksheni aliyoieleza Weierstrass mjini Berlin mwaka 1872: mchoro wake haukatiki popote, wala hauna mteremko katika nukta yoyote.

Istilahi kuu ya tawi hili, inayotumiwa katika makala ya Aron, Gurariy na Seoane-Sepúlveda ya mwaka 2005, imetokana na neno la mstari. Afasiriye neno kwa neno ataandika "unyoofu". Hatuliafiki. Mwanafunzi atadhani fanksheni zenyewe zimenyooka, hali ziko mbali mno na unyoofu. Tena sifa hii si ya fanksheni moja moja, bali ya jamii nzima; na jamii hiyo yenyewe si nafasi. Ijumlishe fanksheni ya Weierstrass na kinyume chake, utapata sifuri, iliyo tulivu kuliko zote. Kinachodaiwa ni kwamba ndani ya jamii, ikishaongezwa sifuri, imo nafasi ya vekta yenye vipimo visivyo na ukomo. Kwa hiyo twapendekeza "ubebaji nafasi". Na pale nafasi hiyo inapokuwa haipotezi vikomo vya mifuatano yake, isemwe "ubebaji nafasi funge".

"Tabia mbaya" nayo yapotosha. Hermite alimwandikia Stieltjes mwaka 1893 akizichukia fanksheni hizi. Chuki hiyo si lazima tuirithi. Fanksheni zenye mteremko katika kila nukta ya kipande [0,1] ni nafasi ya vekta zenyewe, lakini Gurariy alithibitisha mwaka 1966 kwamba, zikiwa miongoni mwa fanksheni endelevu, hazibebi nafasi funge yoyote yenye vipimo visivyo na ukomo. Zile zisizo na mteremko popote hubeba, kama walivyoonyesha Fonf, Gurariy na Kadets mwaka 1999. Ni ipi basi yenye adabu? Afadhali kila jamii itajwe kwa kile inachokikosa: "fanksheni zisizo na mteremko popote". Ni ndefu, lakini haimtukani mtu.

Neno "nafasi" lenyewe twawaachia walimu walipime. Darasani hudhaniwa uwazi mtupu. Na "anga" tayari lina ndege wake.