Tafrija ya Keki Mjini Paris: Jinsi Maduka Yalivyoteuliwa

Mtu atakaye kujinunulia keki peke yake mjini Paris hana haja ya tadbiri yoyote, kwani akipotea njia atakutana na duka jema, na akikosa hili atalipata lile. Lakini aliyekabidhiwa watu kumi na wawili, wenye umri mbalimbali, miguu mbalimbali na masharti mbalimbali ya kula, akatakiwa awatembeze katika maduka hayo toka asubuhi hata alasiri, huyo huwa amepewa mas'ala ambayo sifa za maduka peke yake haziwezi kuyatatua. Matembezi ninayoyachambua hapa yaliandaliwa na bibi mmoja mwenyeji wa Unguja, mkazi wa Paris wa siku nyingi, kwa ajili ya jamaa na marafiki zake, baadhi yao wakiishi huko huko na wengine wakiwa wageni waliotoka pwani yetu na Ngazija. Sikusudii kuzisifu keki, ijapokuwa zilistahili. Nakusudia kueleza uteuzi, kwa sababu bibi yule alianzia mahali ambapo wengi wetu tusingalifikiri kuanzia, yaani mahali pa kuketi.

Maduka ya keki ya Paris, aghalabu, ni vyumba vyembamba vilivyojengwa kwa ajili ya mnunuzi wa kusimama, ambaye huonyesha kwa kidole akitakacho, kikatiwa kisandukuni, kikafungwa utepe, naye akaenda zake kukila nyumbani baada ya chakula. Watu kumi na wawili wakiingia kwa pamoja huwa wameliziba duka, na wakitoka na keki mikononi hawana pa kuziweka. Yapo maduka yenye kumbi za chai, lakini humo keki ile ile huwa na bei kubwa zaidi kwa aliyeketi kuliko kwa aliyeichukua, tena meza ya watu wengi namna hiyo ni nadra kupatikana bila ya ahadi ya mapema. Basi bibi yule aliweka kando orodha ya maduka mashuhuri, akatafuta bustani. Alipata mbili: ya kwanza ni ile ya Nelson Mandela, hapo Les Halles, pembeni mwa kanisa la Saint-Eustache, yenye mabenchi na nafasi ya wazi, ya pili ni bustani kongwe ya Luxembourg, ng'ambo ya pili ya mto Seine, ambako viti vya chuma vya rangi ya kijani vimeachwa huru, mtu akavisogeza apendavyo na kuvipanga duara pasipo kuulizwa wala kulipa. Bustani hizo huunganishwa na reli ya chini ya ardhi nambari 4, kwani toka Les Halles hata Saint-Sulpice ni vituo sita visivyohitaji kubadili gari. Baada ya hapo swali likawa jepesi: ni maduka gani yaliyo karibu na bustani hizi kiasi cha mzee mwenye goti bovu kuyafikia bila ya kusimama njiani? Orodha ndefu ikapukutika, yakabaki matatu.

La kwanza ni Stohrer, katika mtaa wa Montorgueil, nambari 51, lililofunguliwa mwaka 1730 na Nicolas Stohrer, mpishi wa keki aliyefuatana na binti wa mfalme Stanislas wa Poland alipokuja Ufaransa kuolewa na Louis wa 15. Duka hili lina sifa ya keki iitwayo baba, ambayo husimuliwa kuwa asili yake ni mkate mtamu uliokauka mno kwa meno ya mfalme yule, ukarutubishwa kwa kinywaji. Na leo hurowekwa katika shira yenye pombe kali ya miwa. Kwa kundi ambalo zaidi ya nusu yake ni Waislamu, kitu kilicholipa duka umaarufu ndicho hicho kisichoweza kuliwa. Mpangaji asiyejua huweza kulifuta duka zima kwa sababu hiyo, au, vibaya zaidi, kunyamaza na kutegemea kwamba hakuna atakayeuliza. Bibi yule hakufanya moja katika hayo. Alijua kwamba duka lile lile huuza puits d'amour, yaani kikombe cha unga wa matabaka kilichojazwa krimu ya vanila na kufunikwa sukari iliyounguzwa hata ikawa ngumu kama kioo, na éclair za kahawa na chokoleti, na kijana mmoja alipouliza, "Shangazi, hii nayo haina kitu?" alikuwa na jibu, kwani alikwisha kwenda kabla ya siku ile kumwuliza muuzaji.

Katika jambo hili la halali na haramu pana nukta ya kiufundi ambayo watu wengi huipita. Pombe hunuka, na kwa hiyo hujulikana; lakini jelatini haina harufu wala ladha, nayo katika nchi za Ulaya sehemu yake kubwa hutokana na ngozi ya nguruwe. Krimu ya asili iliyopikwa motoni huganda kwa viini vya mayai na unga, haihitaji jelatini. Bali zile krimu nyepesi zilizojaa hewa, zinazosimama wima juu ya keki za kisasa na kung'aa kwa juu, mara nyingi zimesimamishwa nayo. Kwa hiyo mtu wa kundi la namna hii, akitazama kioo cha duka, hufanya vyema kuelekeza macho kwanza kwenye keki za kale zenye krimu ya kupikwa, kisha ndipo aulize juu ya hizo nyingine, na kuuliza ni wajibu katika hali zote mbili, maana mapishi ya duka moja siyo ya duka jingine.

Nukta ya pili ya kiufundi ni umri wa keki, nao huhesabiwa kwa saa. Unga wa matabaka ni mkavu na krimu ni majimaji, na tangu vinapokutanishwa hivi viwili, kile hunywa maji ya hiki, hata ule mvunjiko unaosikika mdomoni ukapotea. Sukari iliyounguzwa nayo huvuta unyevu wa hewani, ikaanza kunata. Puits d'amour ya saa nne asubuhi si ile ya saa tisa alasiri. Ndiyo sababu Stohrer liliwekwa la kwanza, na keki zake zikaliwa papo hapo, kwa mwendo wa dakika chache hadi bustani ya Mandela, wala hazikuruhusiwa kupanda reli. Kila keki iligawiwa watu wanne. Wapo walionung'unika kwa udogo wa kipande, lakini hesabu ilikuwa sahihi, kwani anayekula keki nzima asubuhi hupoteza ulimi wake wa mchana, na kila kitakachofuata atakihukumu kwa tumbo.

(Mzee mmoja wa Kingazija, alipoona vitone vyeusi vya vanila katika krimu, alikumbusha kwamba mmea ule, uliotoka Meksiko, ulikuwa hauzai katika visiwa vya bahari yetu mpaka mwaka 1841, ambapo Edmond Albius, mtumwa wa umri wa miaka 12 katika kisiwa cha Bourbon, sasa Réunion, alivumbua namna ya kulichavusha ua lake kwa mkono na kijiti. Vanila ya Ngazija na ya Bukini ni matunda ya kidole cha mtoto yule, naye alikufa maskini. Ilinipendeza kwamba hadithi hiyo ilisimuliwa mlangoni mwa duka la mpishi wa jumba la kifalme.)

Duka la pili halikuwa la keki hasa, na uteuzi huu ndio ninaouona kuwa wa hekima kuliko yote. Poilâne, katika mtaa wa Cherche-Midi nambari 8, ni tanuri ya mkate iliyofunguliwa mwaka 1932, ambayo mkate wake mkubwa wa duara, wenye uzito wa karibu kilo mbili, huchachushwa kwa chachu ya kale na kuokwa kwa moto wa kuni. Uchachu na chumvi ya mkate huo husafisha kinywa kilichochoshwa na sukari, na bei yake ni ndogo. Pamoja nao vilinunuliwa vibiskuti vya siagi vya duka hilo, vidogo na vikavu, visivyo na krimu ya kuharibika, ambavyo mtu hutia mfukoni akamfikishia mtoto aliyeachwa nyumbani. Kati ya vitu vyote vya siku ile, hivyo pekee ndivyo vilivyostahimili safari.

La tatu ni la Pierre Hermé, katika mtaa wa Bonaparte nambari 72, mkabala na uwanja wa Saint-Sulpice. Mpishi huyu, mzaliwa wa Colmar mwaka 1961, aliingia uanagenzi kwa Gaston Lenôtre akiwa na miaka 14, na duka lake la kwanza la jina lake alilifungua Tokyo mwaka 1998, ndipo mwaka 2001 akaja kufungua hili la Paris. Hapa ikhtiari ilikuwa baina ya keki mbili zake mashuhuri. Ile ya matabaka na njugu za hazelnut zilizosagwa wajuzi wengi huitanguliza, nami ni mmoja wao. Lakini keki ya matabaka haigawanyiki kwa urahisi, kwani kisu kikishuka toka juu huikandamiza na krimu ikatoka ubavuni, na sharti ilazwe ubavu, ikatwe kwa kisu cha meno juu ya ubao ulio imara, jambo lisilowezekana juu ya magoti ya mtu bustanini. Iliachwa. Ikachukuliwa Ispahan, yenye sahani mbili za macaron ya waridi, na katikati krimu ya waridi, tunda la lichi na rasiberi. Ikachukuliwa ile kubwa iliyotengenezwa kwa kugawana, iliyoagizwa mapema. Uchachu wa rasiberi uliwafaa watu waliokwisha kula tamu tangu asubuhi, na harufu ya waridi haikuwa ngeni kwa mtu yeyote wa pwani. Aliyekuwa akidhuriwa na lozi alionywa, kwa kuwa macaron hutengenezwa kwa lozi, akabaki na mkate wake.

Juu ya siku sina mengi. Jumapili asubuhi Waparisi wenyewe hupanga safu kununua keki ya chakula cha mchana. Jumatatu maduka mengi hufungwa. Na mwezi wa Agosti mji huenda likizoni, hata duka la barafu tamu la Berthillon, ambalo kila mgeni huliulizia, huwa limefunga milango. Siku ya katikati ya juma, mwezi wa Juni, ndiyo iliyochaguliwa.

Kosa ninaloliona katika mpango huu ni kwamba uliegemea jua. Mvua ingalinyesha, viti vya Luxembourg vingalikuwa bure kwa maana mbaya ya neno, na mpangaji hakuwa na ukumbi wa akiba. Katika majira ya baridi ningaliipindua safari nzima: ningalianzia Angelina, katika mtaa wa Rivoli nambari 226, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1903, nikaagiza meza mapema na kukubali bei ya kuketi, watu wakanywa chokoleti yake ya moto iliyo nzito kama uji na kugawana Mont-Blanc ya njugu za chestnut, kisha ningaliwatembeza hadi Montorgueil wakanunue éclair za kuchukua nyumbani, maana katika baridi ile krimu haiharibiki njiani.