Kuku Mzito, Malisho Haba

Kuroiler ni kuku aliyeundwa kwa makusudi ajitafutie. Kampuni ya Keggfarms ya India, chini ya Vinod Kapur, ilimtoa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kaya za vijijini. Mwaka 2010 aliletwa Uganda, katika kituo cha taifa cha mbegu za mifugo kilichoko Entebbe, akawapita kwa uzito kuku wa kienyeji waliofugwa naye katika mazingira yale yale. Baadaye mradi wa kuboresha kuku Afrika, ACGG, ulioongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ukampima Tanzania pamoja na kuku aina ya Sasso. Ndiyo maana wafugaji wengi wanamtamani, hata huku Kutulo, mpakani mwa kaunti za Mandera na Wajir, Kenya.

Tuangalie mafanikio yale yalivyopatikana. Kuroiler ni chotara. Ukizalisha watoto wake wenyewe kwa wenyewe, sifa hutawanyika. Halafu haatamii kwa bidii. Kwa hiyo India ulijengwa mlolongo mzima: kiwanda cha kutotolesha, walezi wanaokaa na vifaranga wiki kadhaa kwa joto, chakula na chanjo, kisha wachuuzi wanaowafikisha vijijini kwa baiskeli. Bila mlolongo huo, mfugaji ananunua kuku mmoja mmoja anayekwisha bila mrithi. Kutulo mlolongo huo haupo, na kifaranga wa siku moja kusafirishwa kwenye joto la barabara ya Wajir ni kumtesa.

Lipo na la uzito. Mwili mkubwa hudai chakula kingi hata siku ambayo kuku hanenepi wala hatagi. Wakati wa kiangazi cha Jilaal ardhi inapokauka, wadudu wakatoweka na mbegu za nyasi zikaisha, mwepesi atapona palipomshinda mzito. Kwangu mimi, hapa uzito uje baadaye. Kwanza tuchague watafutaji.

Kuchagua kunafanyika jioni ya siku ambayo hukuwatupia chochote. Mshike mtetea akirudi bandani, papasa kifuko cha chakula chini ya shingo. Cha aliyefanikiwa kimejaa, na vidole vinahisi punje ndani yake. Cha aliyezurura bure kimelegea. Rudia jioni nyingine, maana siku moja haitoshi, kisha wawekee alama miguuni wanaojaza mara kwa mara. Mayai ya kuatamiwa yatoke kwao tu, na hao hao waatamie. Kuchakura kifaranga huzaliwa nako, lakini kipi cha kula huonyeshwa na mama anapodona na kumwita.

Anza kuwaatamisha mvua za Gu zinapokaribia: yai huchukua siku 21, hivyo vifaranga watatoka mvua imeshaleta wadudu. Mwenye shingo isiyo na manyoya usimdharau. Hupoteza joto upesi, na hapa hilo ni faida kubwa. Jogoo mmoja kwa matetea kama 10, na abadilishwe na wa jirani kabla hajawapanda binti zake.

Kazi hii yote ugonjwa wa kideri huifuta kwa wiki moja. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida. Tone moja jichoni, ikirudiwa kila miezi 3 au 4. Asiyeweza kuipata kwa wakati aanze na kuku wachache.